Mwaka Ule Zabibu Zilipogoma Kuwa Nyekundu

Pale shambani walimwita Shangazi Majani, kuanzia mlinzi wa getini hadi mwenye shamba. Jina la "Shangazi" lilitokana na siku yake ya kwanza, alipokuja kuomba kazi akiwa amemshika mkono binti wa marehemu kaka yake, mtoto wa miaka minne ambaye hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia. Mtoto yule alikaa kwenye kivuli cha tangi la maji akiita "Shangazi, shangazi" kutwa nzima, na ilipofika saa ya kufunga kazi shamba zima lilikuwa limeshalishika. La "Majani" lilikuja baadaye, kwa sababu ya kazi yenyewe. Kwa miaka ishirini na sita mwanamke huyo alipunguza majani ya mizabibu.

Asiyejua anaweza kucheka. Kupunguza majani, kazi gani hiyo, si hata mbuzi anaiweza? Yeye mwenyewe nusura acheke alipoelezwa. Alikuwa mtoto wa fundi cherehani, amekulia chini ya meza ya kukatia nguo, na baba yake alikuwa na amri moja tu dukani: kitambaa chekundu kisikae dirishani. Jua linakula rangi, alisema, na huanza na nyekundu. Sasa siku ya kwanza shambani msimamizi anamkabidhi mkasi na kumwambia, "Mama, ondoa majani yanayoziba vichala. Zabibu hizi ni za mezani, huliwa kwa macho kwanza. Zisipoona mwanga haziwi nyekundu."

Shangazi akajua mgeni anafanyiwa mzaha. Akakata hata hivyo, maana kazi alikuwa anaitaka. Wiki tatu baadaye akapita mstari ule ule, akakuta punje zilizokuwa kijani kama njegere zimeingia wekundu, kichala baada ya kichala, akasimama pale mdomo wazi mpaka akaitwa.

Tangu hapo hakuwa na simile na majani. Alipofikisha miaka kumi kazini alipewa kikosi chake, wanawake wanane wenye mikasi na kofia pana, na kila msimu, punje zilipoanza kulainika, aliwapanga kwenye mistari na kuwapa neno lake lile lile: "Fungueni madirisha." Maana yake ondoeni majani yaliyo mbele ya vichala, mwanga uingie. Hakuwa na maelezo zaidi, na hakuyahitaji. Rangi ilikuja.

Yule mtoto wa kivuli cha tangi naye alikua. Shangazi alimsomesha kwa kukaza mkanda, na mtoto hakumwangusha. Akamaliza shule, akaingia chuo cha kilimo, akatoka na cheti na mkoba uliojaa vidude vya kupimia. Kilichofuata hakuna aliyekitarajia. Bwana shamba wa zamani alistaafu, nafasi ikatangazwa, na Jumatatu moja asubuhi aliyesimama mbele ya wafanyakazi akiwa na daftari na buti mpya alikuwa yule yule binti. Wafanyakazi hawakumaliza wiki kabla ya kumpachika jina: Bibi Vipimo.

Nyumbani walikuwa wawili tu, vyumba viwili na jiko, wakakubaliana mambo mapema.

"Shambani nikuite nani?" binti aliuliza.

"Niite Shangazi, kila mtu ananiita hivyo. Tatizo ni mimi nikuite nani."

"Niite mwanangu, kama siku zote."

"Bosi mzima niite mwanangu mbele za watu? Nitakuita Bibi Shamba. Lakini ukivuka kizingiti hiki, vyombo vinakusubiri."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mchana binti alimsainia shangazi yake fomu za likizo, jioni alisugua sufuria chini ya usimamizi wake. Misimu miwili ilipita hivyo, vizuri tu, wakitaniana njia nzima ya kwenda na kurudi.

Halafu ukaja mwaka wa joto.

Joto walikuwa wanalijua, lakini la mwaka huo lilikuwa la aina yake. Mchana kipimajoto kilifika nyuzi thelathini na nane na kukaa hapo kama kimegandishwa. Kibaya zaidi, hata alfajiri hapakuwa na nafuu; watu waliamka shuka zimelowa jasho, na kazini waya za mizabibu zilikuwa vuguvugu mkononi. Punje zililainika kwa wakati wake. Sukari ikapanda kwa wakati wake. Rangi haikuja. Wiki ya kwanza watu walisema itakuja. Ya pili wakaacha kusema. Ya tatu vichala vilining'inia shamba zima vikiwa na wekundu hafifu uliochanganyika na kijani, mfano wa sabuni ya kuogea.

Kwenye banda la kufungashia kulikuwa na mkaguzi mmoja mrefu, mpole, aliyeitwa Bwana Kadi. Kazi yake ilikuwa kushika kadi yenye miraba sita, kuanzia kijani hadi wekundu uliokolea, na kuilinganisha na zabibu. Chini ya mraba wa nne, kreti hairuhusiwi kutoka. Alikuja na kadi yake mpaka mstarini, akaiweka kando ya kichala, akatikisa kichwa.

"Wa pili," alisema. "Ukinibembeleza sana, wa pili na nusu."

"Onja kwanza," Shangazi alimwambia.

Akaonja. "Asali. Lakini Shangazi, mteja hafiki dukani na ulimi nje. Anakuja na macho."

Asubuhi iliyofuata Bibi Vipimo aliita vikosi vyote karibu na tangi, akaeleza alichokuwa anakiona. Zabibu hutengeneza wekundu wake ndani ya ganda, alisema, na kwa kazi hiyo inahitaji mwanga, hapo Shangazi yuko sahihi. Lakini joto likizidi nyuzi thelathini na tano hivi, kazi husimama, na hata wekundu ulioanza kujikusanya huweza kupungua. Kwa hiyo majani ya upande wa machweo, ule unaopigwa na jua la mchana, yasiguswe kabisa. Yabaki kama mwavuli.

Shangazi alinyanyua mkono. "Bibi Shamba, zabibu imepauka, wewe unataka kuizidishia kivuli?"

"Ukifungua dirisha saa nane mchana, Shangazi, hauingii mwanga peke yake. Linaingia na joto."

"Miaka ishirini na sita nimefungua. Kitabu hakijawahi kushika mkasi."

"Na mkasi haujawahi kushika kipimajoto," binti akajibu, na vikosi vyote vikacheka.

Kicheko kile ndicho kilichoharibu mambo. Shangazi hakuwa mtu wa kununa, lakini siku hiyo alirudi nyumbani bila utani wowote njiani. Kilichomuuma hakikuwa maneno ya binti. Ni kwamba watu wake mwenyewe, wanawake wanane aliowafundisha kushika mkasi, nao walicheka.

Alhamisi binti akaitwa kwenye mkutano wa siku mbili mbali na shamba. Na Shangazi Majani, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuchelewa kazini wala kuvunja amri, alikipeleka kikosi chake kwenye mistari mitatu ya juu, karibu na barabara ya trekta, akawaambia, "Fungueni madirisha. Pande zote mbili."

Wanawake walitazamana. Mkubwa wao, rafiki yake wa miaka mingi waliyemwita Mama Kofia, akauliza kwa sauti ya chini kama Bibi Shamba ana habari.

"Atakuwa nayo zikishakuwa nyekundu."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuachia neno lolote kuhusu mkuu asiyesikia la mdogo, labda kwa kuwa waliosema walikuwa wakuu wenyewe.

Ijumaa jioni Shangazi alipita pale peke yake. Upande wa mawio vichala vilikuwa kama alivyoviacha. Upande wa machweo hakuhitaji kusogea karibu. Punje zilizotazama jua zilikuwa na madoa ya kahawia kama zimeguswa na pasi, nyingine zimeshaanza kunywea na kukunjamana. Na zile ambazo hazikuungua hazikuwa na wekundu zaidi ya jana. Kama kuna kitu, zilikuwa zimepauka. Mistari mitatu. Alitembea hadi mwisho wake na kurudi, mkasi mfukoni.

Mama Kofia alimkuta hapo. Aliangalia, akavuta pumzi, akasema, "Tunaweza kusema ni trekta. Dereva alipita na mtambo wa dawa juzi, majani yakang'oka."

"Dereva ana watoto wanne."

"Basi upepo."

"Upepo gani unaokata jani kwenye kikonyo, safi namna hii?" Shangazi akasema. "Nenda nyumbani, dada. Hili ni langu."

Jumamosi asubuhi alikuwa mtu wa kwanza ofisini. Nyumbani usiku angeweza kusema, lakini aliona si mahali pake. Kosa lilifanyiwa bosi, basi liende kwa bosi. Akabisha hodi kwenye mlango wa mtoto aliyefundishwa naye kuvaa viatu, akasimama.

"Bibi Shamba, nimeunguza mistari mitatu. Ulikataza, nikafanya. Kikosi kilifuata amri yangu."

Binti aliinuka. Alichukua mkoba wake, wakapanda pamoja mpaka juu. Jua lilikuwa halijakaza, akasubiri. Alikaa kwenye kreti iliyogeuzwa, Shangazi akakaa kwenye nyingine, wakanywa chai ya chupa hadi saa nane. Ndipo akachomeka kipimajoto chembamba kama sindano ndani ya punje iliyotazama machweo. Nyuzi arobaini na tano. Akakichomeka kwenye punje ya mstari wa jirani, iliyofunikwa na majani. Thelathini na nane.

"Shika," akasema.

Shangazi akashika ile ya kwanza, akaondoa vidole haraka. Ilikuwa na joto la kikombe cha chai. Miaka ishirini na sita alikuwa ameangalia zabibu, akazionja, akazipanga kwenye kreti kama mayai. Hakuwahi kushika moja saa nane mchana kusikiliza joto lake, kwa sababu saa nane ndiyo saa ya kupumzika kivulini.

"Mwenye shamba atauliza nani," binti alisema.

"Andika jina langu."

"Nitaandika. Na barua ya onyo itatoka kwangu, Shangazi. Nikimwachia mwingine aandike, watu watasema nimekuficha."

"Mimi mwenyewe ningesema hivyo."

Barua ilitoka Jumatatu, ukurasa mmoja, na saini ambayo binti alifundishwa na mpokeaji wa barua mwenyewe. Shangazi aliisoma mbele ya meza, akatia saini yake chini, akasema imeandikwa vizuri. Jioni hiyo, kizingiti kilipovukwa, sufuria zilimsubiri bosi kama kawaida, na binti alipoanza kusugua, shangazi yake alichukua kitambaa akasimama kando akifuta. Ndipo walipozungumza.

"Kuna kitu sikielewi," binti alisema. "Pale chini, mwisho wa mistari, karibu na mfereji. Vichala vina rangi zaidi. Nimedhani ni macho yangu."

"Si macho yako. Pale huanza mapema kila mwaka. Sisi tulisema ni kwa sababu ya maji ya mfereji."

"Mizabibu yote inapata maji sawa, ya bomba. Ni kitu kingine. Ulikuwa hujaniambia."

"Ulikuwa hujaniuliza," alisema Shangazi, na kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita akacheka.

Kesho yake waliondoka nyumbani kabla ya mapambazuko, wakateremka hadi mferejini. Pale chini shamba lina bonde dogo, na mtu akiingia bondeni alfajiri husikia ubaridi miguuni kwanza, halafu magotini, kama anaingia kwenye maji. Shangazi alikuwa ameupita ubaridi huo mara elfu, akijifunga kanga vizuri na kuendelea na safari. Sasa alisimama, akashika kichala, akakiegemeza shavuni.

"Hiki kimelala vizuri," alisema. "Twende juu."

Wakapanda katikati ya shamba. Akaegemeza kingine shavuni. "Hiki hakikulala."

Binti akachomeka kipimajoto. Tofauti ilikuwa nyuzi nne na nusu. Alipima tena, akapima mistari mitano mingine, akiandika haraka haraka kwenye daftari, na uso wake ulikuwa wa mtoto wa miaka minne anayeona tangi likifurika. Hewa baridi ilikuwa inateremka usiku na kutuama bondeni. Mchana bonde lilipata jua lile lile kama kwingine. Lakini usiku lilipoa, na zabibu zake zikapata nafasi ya kujikusanyia wekundu ambao kwingine joto la usiku lilikuwa linauzuia.

"Kwa hiyo tatizo si mchana peke yake," Shangazi alisema taratibu.

"Ni usiku pia. Na bonde hatuwezi kulihamishia juu."

"Hatuwezi. Lakini tunaweza kunyunyiza maji."

Bibi Vipimo alikuwa amelifikiria hilo, anyunyize jua likizama ili usiku uanze na ubaridi. Shangazi akalipinga papo hapo. Kichala kikilala na maji, alisema, siku ya nne kina ukungu, na ukungu haupimwi kwa kipimajoto, unapimwa kwa machozi. Wakabishana kutoka mferejini hadi ofisini, na safari hii kila mmoja alisikiliza. Walichotoka nacho ni hiki: maji yanyunyizwe saa tisa alasiri, joto likiwa kilele, ili vichala na ardhi vipoe na bado vikauke kabla ya giza. Majani ya upande wa mawio yafunguliwe, zabibu zipate mwanga wa asubuhi ukiwa bado mpole. Ya upande wa machweo yakae. Na kila mzabibu upunguziwe vichala, maana mti wenye watoto wengi hauwezi kuwavisha wote.

Hilo la mwisho lilimkwama mwenye shamba, mzee wa buti ndefu aliyependa kuhesabu vichala akitembea. Kukata zabibu tamu na kuziangusha chini, alisema, ni kama kung'olewa meno mazima. Akatoa mistari arobaini ya kujaribia, zaidi ya hapo hapana.

Kikosi cha Shangazi kilifanya kazi siku sita. Aliwaambia wazi kwamba neno la zamani limefutwa, kwamba yeye alikosea na mistari ya juu ni ushahidi, na anayetaka kucheka acheke sasa tuendelee. Hakuna aliyecheka. Mama Kofia alipiga chafya, lakini hiyo ilikuwa ya vumbi.

Siku ya kumi na moja joto lilivunjika. Mawingu yalipita, usiku wa siku tatu mfululizo watu walitafuta mablanketi yao, na rangi ikaja. Ilianza mabegani mwa vichala na kuteremka, punje moja moja, mpaka mistari arobaini ikawa imeiva wekundu. Bwana Kadi alikuja na kadi yake, akailinganisha, akasogea mzabibu mwingine, akailinganisha tena.

"Wa tano," alisema. "Na huu hapa nitauita wa sita, kwa heshima yako."

"Usiniheshimu mimi. Heshimu kadi."

"Basi wa tano na nusu."

Shamba lililobaki halikuwa na bahati hiyo. Lilipata rangi kiasi, mraba wa tatu sehemu nyingi, wa nne hapa na pale, na zabibu nyingi zikaishia kukamuliwa juisi. Mistari mitatu ya juu haikuvunwa kabisa. Mwenye shamba alinung'unika mwezi mzima, kisha msimu uliofuata akaidhinisha kupunguza vichala shamba zima, akiwa ofisini kwake, mlango umefungwa, ili asione vikianguka.

Shangazi Majani sasa hufundisha wageni. Huwatoa alfajiri kwanza na kuwaagiza waegemeze vichala shavuni, kisha huwarudisha saa nane mchana, wakati wote wanatamani kivuli, waguse tena. Wengine hudhani wanafanyiwa mzaha.

Na bado hajakubali kila kitu. Mwaka jana binti alileta mizabibu mitano ya aina mpya na kumwambia kwamba hii huweza kuwa nyekundu hata kichala kikiwa gizani kabisa, mradi majani yake yapate jua. Shangazi akamwambia chuo kimemharibu. Akavika vichala vitatu mifuko ya karatasi nene kwa mikono yake, akafunga kamba mafundo mawili mawili, na kila asubuhi akapita kukagua kama mafundo yamechezewa.

Wiki ya nne waliifungua pamoja. Mfuko wa kwanza, zabibu nyekundu. Wa pili, nyekundu. Wa tatu Shangazi aliufungua mwenyewe, polepole, akachungulia ndani, akaufunga tena.

"Vipi?" binti akauliza.

"Sina la kusema."

"Zina rangi gani, Shangazi?"

"Nimesema sina la kusema," akajibu, akaketi kwenye kreti, akacheka mpaka kofia ikamdondoka.